Kiatu cheusi kisikule kabla hujala mshahara

Kama umewahi kutafuta kazi ya kupokea wageni kwenye hafla hapa Nairobi, ujumbe huu unaujua. Huingia kwa simu mwendo wa saa tatu usiku: "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nguo nyeusi, viatu vyeusi vya kisigino, nywele zifungwe nyuma. Usichelewe." Hakuna anayekuuliza kama viatu hivyo unavyo. Hakuna anayekuuliza umebaki na shilingi ngapi baada ya kulipa kodi ya keja.

Mimi niliupokea ujumbe wa kwanza wa aina hiyo miezi michache baada ya kuacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, karo ikashindikana, nikarudi mtaani. Kazi ilikuwa ya siku moja, malipo 1,500. Asubuhi na mapema nilikimbia katikati ya jiji, kwenye kibanda kinachofunguliwa kabla ya vingine, nikanunua viatu vipya vyeusi kwa shilingi 700. Viling'aa ajabu. Nilijiona nimeomoka.

Kabla ya saa nne kisigino cha kulia kiling'oka nikipanda ngazi, nikiwa nimeshika trei ya beji za wageni. Msimamizi hakunipigia kelele. Alinipeleka nyuma nikalinde makoti, na jioni nikapewa nusu ya malipo. Sasa piga hesabu nami. Nusu ya 1,500 ni 750. Toa 700 za viatu, toa 200 za matatu kwenda na kurudi. Nilifanya kazi siku nzima nikarudi nyumbani nikiwa nimepoteza shilingi 150, tena na malengelenge mawili.

Ukidhani hapo nilipata akili, bado. Mwaka uliofuata niliitwa kwa mahojiano ya kazi ya mapokezi. Safari hii nikasema siaibiki tena. Nikachukua mkopo wa simu, nikanunua ndula za 4,500, kisigino inchi nne na nusu, chembamba kama penseli. Kazi sikupata. Mkopo nilipata, na ulinifuata kwa ujumbe mfupi kila asubuhi kama mama mwenye nyumba. Viatu hivyo nimevivaa mara tatu tu. Ukigawa, kila mara niliyovivaa ilinigharimu 1,500, yaani malipo ya siku nzima ya kazi.

Viatu ninavyovaa sasa nilivitoa Gikomba kwa 1,200. Vilikuwa vimetumika. Nilimpa fundi shilingi 100 abadilishe raba za chini ya visigino na 250 ashone soli kuzunguka. Jumla 1,550. Nimevivaa kama mara mia moja kwa miaka miwili. Hiyo ni shilingi 15 na senti 50 kwa siku. Nauli ya kutoka hapa hadi stejini inazidi hapo.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema hata kama wauzaji watanichukia: bei ya kiatu cheusi si ile unayotajiwa pale kibandani. Bei yake ni pesa ulizolipa, ukizigawa kwa siku ulizokivaa na ukarudi nyumbani ukitembea kama mtu mzima. Ukikubali hesabu hiyo, utaona kwamba aliyesota na mwenye mshahara wanaweza wote kupata kiatu kizuri, na wote wanaweza kuliwa vilevile.

Tuanze na mambo yasiyojali mfuko wako una nini.

Kwanza, urefu. Kisigino kikipanda, uzito wa mwili wako unasukumwa mbele, kwenye sehemu ya wayo iliyo chini ya vidole. Inchi mbili hadi tatu zinatosha mtu kuonekana amevaa kirasmi na bado asimame saa nne bila kuapiza. Ukienda inchi nne na zaidi, jiulize kama utaketi au utasimama. Bibi harusi ana kiti. Wewe unayepokea wageni huna.

Pili, unene wa kisigino. Nairobi hii ina matofali ya kabro kila mahali, na kati ya tofali na tofali kuna nafasi inayosubiri kisigino chembamba. Halafu kuna harusi za bustanini, ambapo kisigino cha penseli huzama kwenye nyasi kama kigingi cha hema. Kisigino kinene, kile cha mraba, kinagawa uzito vizuri na hakizami. Siku hizi vimerudi kwenye fasheni, kwa hivyo hakuna atakayekuambia umevaa viatu vya shosho.

Tatu, umbo la mbele. Kilichochongoka sana hubana vidole. Kilichochongoka kidogo, au cha mviringo, kinafanya kazi ileile ofisini. Na kiwe hakina mapambo: usiweke dhahabu, maua wala vishanga. Kiatu cheusi kisicho na maneno mengi kinaenda mahojiano, kanisani, mazishini na kwenye hafla ya kampuni. Ukiongeza kishanga kimoja, umepunguza mazishi na mahojiano.

Nne, saa ya kununua. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Kiatu kilichokukaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa kumi jioni. Kwa hivyo jaribu viatu jioni, vyote viwili, kwa sababu wengi wetu mguu mmoja unauzidi mwingine. Usimame navyo dakika tano. Utembee kwenye sakafu ngumu, si juu ya lile boksi analokutandikia muuzaji. Akikuambia "kitapanuka tu, siste", kumbuka hivi: ngozi halisi hupanuka kidogo kwa upana, wala si kwa urefu. Ngozi bandia haipanuki sana, huishia kupasuka.

Sasa tuje kwenye mfuko.

Una chini ya thao moja. Hapa ushauri wangu ni mmoja: kaa mbali na kiatu kipya. Najua kinang'aa, nilishawahi kuangukia hapo. Kwa bei hiyo kiatu kipya mara nyingi kimeshikwa kwa gundi tupu, na ngozi yake ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Nenda mitumba: Gikomba, Toi, Muthurwa au soko lolote lililo karibu na kwenu. Ukifika mapema utakuta kamera, vile viatu bora vinavyochaguliwa mtumba ukifunguliwa tu, na bei yake iko juu. Ukienda alasiri utakuta fagia, yaani mabaki yaliyorundikwa chini, na bei imeshuka. Mwenye mia tano anatafuta katikati: amechelewa kidogo kwa kamera, hajachelewa mpaka fagia.

Usimlipe mtu kabla ya kufanya haya. Omba viatu vyote viwili, kwa sababu wengi hutundika kimoja tu. Soma saizi za ndani, zote mbili. Lebo nyingine ni za Uingereza, nyingine za Marekani, nyingine za Ulaya. Kwa viatu vya kike, 5 ya Uingereza ni kama 7 ya Marekani na 38 ya Ulaya. Viweke viatu juu ya meza au ubao ulionyooka, uvisukume kwa kidole. Vikiyumba, kisigino kimelika upande mmoja au kimelegea. Kikunje kiatu: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, pale penye tao la wayo, jua kipande cha chuma kilicho ndani ya soli kimevunjika au hakijawahi kuwepo. Hicho kitakuangusha.

Halafu bonyeza soli kwa ukucha. Kuna soli za plastiki ambazo huoza zikikaa miaka mingi, hata kama hakuna aliyezivaa. Huanza kunata, kisha humeguka kama mandazi ya juzi. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa, ukatembea nacho hatua mia mbili, soli ikabaki barabarani nyuma yako. Ukiona unga au mnato, rudisha, hata kikiwa cha mia mbili.

Ukifika nyumbani, futa ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, vikaushe kivulini penye hewa, uweke soli mpya za ndani. Jua kali hukausha ngozi mpaka ipasuke, kwa hivyo usivianike kwenye mabati.

Una thao moja hadi tatu. Huu ndio mfuko wa wengi wetu, na ndio mfuko unaowindwa. Kwenye maduka madogo ya katikati ya jiji, kiatu cha 2,500 kinaweza kuwa kile kile cha 700 kilichowekwa ndani ya boksi zuri na kuwashiwa taa. Usiogope kukichunguza. Tafuta mahali ngozi ilipokatwa, kwa mfano ukingo wa ndani. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi kama za nyama iliyokauka. Ngozi bandia huonyesha kitambaa chini na rangi juu. Inuse pia. Harufu ya plastiki haijifichi.

Mimi kwa pesa hizo nachagua ngozi halisi iliyotumika kuliko bandia mpya, siku yoyote. Ngozi ukiipaka rangi na mafuta yake inarudi. Bandia ikishaanza kubanduka hakuna fundi atakayeiokoa, na hubanduka pale pale wageni wanapoangalia, kwenye kona za vidole. Kama mtumba huuwezi, kwa sababu zako, nenda kwenye duka linalotoa risiti. Maduka kama Bata, ambayo kiwanda chake kiko Limuru, huuza viatu vya kazi vya kisigino kifupi, na ukisubiri msimu wa kupunguza bei unaweza kupata kitu ndani ya bajeti hii. Risiti iweke. Usiitupe pamoja na boksi.

Na wale wa kununua mtandaoni: pima wayo wako kwenye karatasi, kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, uandike sentimita. Muulize muuzaji urefu wa ndani wa kiatu, si saizi tu. Omba video inayoonyesha kisigino kwa upande na soli kwa chini. Na ulipe ukipokea. Rafiki yangu alituma elfu mbili mapema akaletewa kiatu cha kushoto saizi 38 na cha kulia saizi 39. Alipopiga simu, ilikuwa imeshazimwa.

Una elfu nne kwenda juu. Hongera, lakini usijisahau. Kwa pesa hizi una haki ya kudai mambo matatu: ngozi nje na ndani, soli iliyoshonwa na si kubandikwa tu, na raba ya chini ya kisigino inayoweza kubadilishwa. Muulize muuzaji, "Hii raba ikilika, fundi atabadilisha?" Akikodoa macho, rudisha pesa mfukoni. Kosa la watu wenye bajeti hii ni kwamba hulipia jina na urefu, halafu kiatu kinakaa chini ya kitanda kikisubiri siku ambayo watapelekwa kwa gari mlangoni. Kama unapanda matatu, nunua kiatu cha mtu anayepanda matatu. Ukibaki na pesa, nunua cha pili cha kisigino kifupi zaidi ubadilishane navyo. Kiatu kikipumzika siku moja jasho hukauka na ngozi hukaa muda mrefu.

Kaka zangu mnaosoma huku mkidhani hayawahusu: ukitaka kumnunulia mpenzi wako viatu, muulize saizi na kazi yake ni ya kusimama au kuketi. Usimletee inchi tano halafu ununue mafuta ya kuchua.

Hata ukiwa na bajeti gani, mfahamu fundi wa viatu wa mtaani kwako kwa jina. Siku utakayonunua kiatu, mpelekee kabla hujakivaa. Akishone soli, aangalie raba ya kisigino. Raba ikilika ukaendelea kutembea, unaanza kula kisigino chenyewe, na hapo gharama inapanda. Beba champali kwenye mkoba, uvae kiatu ukifika. Hakuna tuzo ya kupanda ngazi za matatu ukiwa kwenye visigino.

Sasa nirudi kwa wale wanaotuma ule ujumbe wa saa tatu usiku.

Sichukii visigino. Navipenda. Nikivivaa kwa hiari yangu najihisi mrefu na sauti yangu inatulia. Ninachokataa ni mtu kunilipa 1,500, anipangie kiatu, asinipe hata shilingi ya kukinunua, kisha kikivunjika kazini anikate nusu. Kuna wanaosema hiyo ndiyo sura ya kazi, kwamba msichana asiye na kisigino haonekani makini. Nimesimama kwenye milango mingi ya hafla. Mgeni anatazama uso wako na orodha uliyoshika, anataka jina lake lipatikane haraka. Sijawahi kuona aliyeinama kupima kisigino changu.

Na sisi si wa kwanza kulalamika. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia, Kanada, liliwazuia waajiri kuwalazimisha wafanyakazi kuvaa visigino virefu, na Ufilipino nayo ikachukua hatua kama hiyo mwaka huohuo. Mwaka 2019 huko Japani, Yumi Ishikawa alianzisha kampeni iliyoitwa KuToo, jina linalocheza na maneno mawili ya Kijapani, kiatu na maumivu. Alisukumwa na kazi aliyofanya nyumba ya mazishi, ambako alitakiwa kuvaa visigino. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya ya watu wanaofanya kazi mahali pake. Haitaji visigino kwa jina. Lakini binti aliyesimama saa kumi kwenye inchi nne, anayepanda ngazi na trei mkononi, ni mtu anayefanya kazi kama mwingine yeyote.

Kwa hivyo waandaaji wa hafla, ombi letu ni dogo. Kwenye ule ujumbe, ongezeni maneno manne: "kisigino kifupi ni sawa." Utumeni siku mbili mapema, si usiku wa kuamkia kazi, kwa sababu anayenunua kiatu kwa haraka hununua kibovu. Na kama kampuni yenu inataka viatu vya aina moja kwa wote, vinunueni nyinyi, mviweke stoo, kama mnavyofanya kwa fulana zenye nembo yenu.

Na wewe msomaji, ukiupokea ujumbe huo leo usiku na huna kiatu, usifungue programu ya mkopo. Kwanza mpigie rafiki wa saizi yako umwazime. Pili, mjibu aliyekutumia: "Kisigino kifupi ni sawa?" Wengi tunaogopa kuuliza, tunadhani nafasi itapewa mwingine. Mimi tangu mwaka jana nimeuliza mara sita. Mara tano nilijibiwa sawa. Ile ya sita nilijibiwa "hapana, inchi nne", nikapiga hesabu ya malipo, nauli na kiatu, nikaona inanipeleka pale pale kwenye 150. Nikamshukuru, nikazima simu, nikalala.